Pipa la Ivaldo

Mtu asikudanganye kwamba kutengeneza mvinyo ni kukaa kivulini na bilauri mkononi. Delfina alikuwa na miaka sitini na sita, na ungemuuliza Barolo, ule mvinyo mashuhuri wa kilima chao, ni nini, angekuonyesha magoti yake. Halafu angekuonyesha ngazi ya mawe, vidato ishirini na tatu kutoka uani hadi chumba cha chini, alivyovishuka kila Ijumaa kwa karibu miaka mitano bila kukosa, awe na homa au theluji iwe imefika magotini.

Huko chini lilikuwa limebaki pipa moja tu lenye kitu. Lilikuwa pipa kuukuu la mwaloni, refu kuliko mtu, la lita elfu mbili na mia tano, na ndani yake mlikuwa na mvinyo wa mwisho wa mumewe. Ivaldo alizivuna zabibu zile, akazikamua, akautia mvinyo pipani, na wiki tatu baadaye moyo ukamsimama akiwa katikati ya mizabibu. Walimkuta na mkasi mkononi.

Alikuwa mtu wa masharti, Ivaldo. Kila Agosti alipita mstari kwa mstari akikata vichala vibichi na kuviangusha chini, nusu nzima ya mavuno, ili nguvu yote iende kwa vilivyobaki. Baba yake, mzee Secondino, ambaye utotoni aliijua njaa kwa jina na kwa sura, alimfuata nyuma akiviokota kwenye aproni huku machozi yakimtoka, machozi ya kweli.

"Unatupa chakula, wewe!"

"Situpi, Baba. Nachagua."

Mbolea za dukani hakuzitaka. Kuvuna hakukubali mpaka ukungu wa Oktoba ushuke, wakati majirani wameshamaliza na wanamcheka. Na yale mapipa madogo mapya, yanayoupa mvinyo harufu ya mbao, ambayo kilima kizima kilikuwa kikiyanunua, yeye aliyaita majeneza. Alitaka pipa kubwa, zee, lililokwisha kusema yake yote, na alitaka muda. "Miaka mitano," alimwambia mkewe jioni ya Machi walipolijaza. "Usiutikise, usiuonje kila saa, usiutie kitu. Jaza pengo tu."

Jaza pengo tu! Ni rahisi kusema. Mbao hunywa. Kila wiki pipa lile lilikunywa lita moja na nusu hivi, na juu pakabaki nafasi, na nafasi ikiachwa hewa hukaa hapo na kuugeuza mvinyo siki. Kwa hiyo kila Ijumaa ilimpasa Delfina apande ngazi ya mbao, ang'oe kizibo, amimine mvinyo hadi mdomoni, azibe tena. Na si mvinyo wowote. Barolo ni zabibu ya nebbiolo peke yake. Ukichanganya na nyingine, hata kwa kikombe, si Barolo tena, ni kitu kingine. Ivaldo alikuwa amemwekea mitungi ya kioo ya mvinyo uleule kwa ajili ya kujazia. Shamba lenyewe Delfina hakuwa na nguvu nalo. Zabibu zake aliwauzia wengine, akajikamulia kidogo tu barbera, zabibu nyingine yenye ukali, kwa mvinyo wa mezani.

Alichotaka duniani kilikuwa kimoja. Pipa lile litimize miaka yake, mvinyo uingie kwenye chupa, na kwenye lebo iandikwe Barolo, mwaka, na chini yake jina la Ivaldo. Baada ya hapo funguo angemkabidhi Tiziano, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa fundi umeme mjini Alba na mwenye hamu ya shamba. Yeye Delfina angelala. Alikuwa amefika mahali ambapo hata kuvua viatu aliona ni kazi ya kuomba msaada.

Basi, mwishoni mwa Januari, mtungi wa mwisho ukaisha. Zilibaki wiki chache. Ijumaa ya kwanza ya Februari alibeba mtungi mtupu aende kwa jirani kuomba lita chache za nebbiolo, na kwenye kidato cha nne kutoka juu barafu ikamtupa. Mtungi ulipasuka. Kifundo cha mguu nacho kikapasuka.

Wiki saba alilala na plasta mguuni, akitazama dari. Wewe umewahi kulala kitandani ukihesabu lita? Ijumaa ya kwanza, moja na nusu. Ya pili, tatu. Ya tatu, nne na nusu. Alilisikia pipa likinywa chini ya sakafu, ingawa hakuna sikio linaloweza kusikia kitu kama hicho.

Nyumba haikuwa tupu. Majirani wanane walikuja siku mbili wakampogolea mizabibu, kama ilivyo desturi mtu akianguka, na aliwasikia wakiimba mlimani kwa sauti mbaya kabisa. Na mzee Secondino alikuwapo, miaka tisini na moja, akimletea supu yenye chumvi ya kuua. Akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi. Siku nyingine alijua kila kitu. Siku nyingine alimuuliza Ivaldo yuko wapi, na Delfina, kwa kuchoka kusema ukweli, alimjibu yuko shamba.

Kila Ijumaa alisikia sufuria kubwa ikichemka jikoni, ikigongagonga.

"Baba! Unapika nini huko?"

"Kazi za watu wazima. Wewe lala."

Alidhani ni mayai. Alicheka hata, siku ya kwanza.

Tiziano alikuja Jumamosi moja na kujitolea kwenda kulitazama pipa. Delfina alikataa katakata. Mtu wa nyaya atajua nini? Angekifungua kizibo, angeingiza hewa zaidi. Na mvinyo wa kujazia haukuwapo hata hivyo, na wa jirani hakumwamini mtu mwingine auchague. Na Secondino naye, Delfina alikuwa amemkataza kwa ukali asisogelee ngazi ile. "Ukianguka na wewe, Baba, tutazikwa wote wawili kwenye shimo moja. Usiliguse pipa. Umenisikia?" Mzee alitikisa kichwa kwa utii.

Plasta ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokifanya ni kushuka. Alishuka kwa makalio, kidato kwa kidato, fimbo mapajani. Alipanda ngazi ya mbao kwa mikono zaidi ya miguu. Alikuwa amejiandaa kukuta pengo la lita kumi na harufu ya siki. Aling'oa kizibo, akatia kidole.

Kidole kiliingia kwenye mvinyo. Pipa lilikuwa limejaa hadi mdomoni.

Alikaa juu pale, kidole kikidondosha mvinyo. Halafu akageuka kutazama rafu ya ukutani, mahali pa mtungi wa barbera. Mtungi wa lita kumi. Ulikuwa mtupu, umeoshwa, umegeuzwa kichwa chini ukauke.

"Ee Mama Maria," alisema Delfina.

Alichota kidogo akaonja. Na hapo, wallahi, ulimi wake, uliokwisha kuonja mvinyo miaka arobaini, ukamwambia alichokwisha kukiamini. Alionja ule ukali wa barbera, ule unaosisimua pembe za mashavu. Alionja tena. Upo. Mara ya tatu ulikuwa umezidi.

Mzee alikuwa jikoni akimenya kitunguu.

"Baba, umefanya nini pipani?"

"Pipani?"

"Pipa la Ivaldo! Nilikukataza. Lilikuwa na pengo na sasa limejaa, na barbera haipo. Umemimina barbera kwenye mvinyo wa mwanao!"

Secondino alimtazama, kisu hewani. Macho yalikuwa yanatafuta kitu na hayakukipata.

"Pipa halikai na pengo," alisema.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Sikumbuki, binti yangu."

"Hukumbuki! Miaka mitano nimepanda na kushuka kama punda wa kinu, nimeumia mgongo, nimevunjika mguu, na wewe kwa mtungi mmoja umelimaliza. Afadhali ungeliacha lioze! Afadhali Ivaldo asingekuwa na baba!"

Maneno hayo yalimtoka na hakuna aliyeweza kuyarudisha. Mzee aliweka kisu mezani polepole.

"Ukisema ni mimi," alisema, "basi ni mimi. Nisamehe."

Delfina alitoka nje akasimama uani, na alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulia kulimshinda.

Jumamosi Tiziano alipoelezwa alishika kichwa, kisha akaanza kucheka.

"Shangazi, lita kumi ndani ya elfu mbili na mia tano! Hata maabara hawataiona. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe hutamwambia mtu."

"Ivaldo aliacha kumsalimia mtu kwa miaka kumi na tisa kwa sababu mtu huyo alichanganya mvinyo. Miaka kumi na tisa, Tiziano! Walikaa benchi moja kanisani. Sasa niandike jina lake juu ya mvinyo wa kuchanganya?"

"Basi peleka kipimo. Subiri. Usikimbilie."

"Nimesubiri miaka mitano. Sina kusubiri kwingine."

"Shangazi, umechoka. Mtu aliyechoka asitie sahihi kitu."

"Usinifundishe kuchoka, wewe. Hiyo fani naijua kuliko wewe."

Huo ndio ulikuwa ukweli, na yeye mwenyewe hakuusikia. Kipimo kingechukua mwezi. Kingetaka simu, barua, watu wa kuja na kurudi. Alitaka iishe. Kuna uaminifu unaotoka moyoni na kuna uaminifu unaotaka kumaliza kazi upesi ukalale, na siku ile hakuweza kuutofautisha mmoja na mwingine. Jumanne alipanda basi hadi mjini, akaingia ofisi wanamoandikisha mvinyo, akaomba fomu ya kuuvua mvinyo wake jina.

Mwanamke wa dirishani alikuwa na miwani ya kamba. Alisoma, akainua uso.

"Pipa zima, mama? La miaka mitano?"

"Zima."

"Ukishatia sahihi halirudi. Mvinyo ukishuka daraja haupandi tena. Chupa itaandikwa mvinyo mwekundu basi. Hakuna mahali, hakuna mwaka, hakuna zabibu."

"Najua."

"Una uhakika?"

"Nimeonja," alisema Delfina, na akatia sahihi.

Alhamisi wakautoa. Tiziano aliomba ruhusa kazini akaja na pampu, na kutwa nzima mvinyo ulitiririka kutoka pipani kuingia kwenye tangi la chuma. Chumba kilijaa harufu ya waridi lililokauka na lami, ile harufu ya nebbiolo iliyokomaa, na Tiziano alisema, "Lakini Shangazi, unanukia sawasawa." Delfina alimwambia aangalie mpira usichomoke.

Pipa lilipokwisha walifungua kijilango chake cha mbele, kile cha chini, kidogo kama dirisha la banda la kuku. Pipa likikauka na mashapo yake ndani huharibika, kwa hiyo lazima mtu aingie alisugue siku hiyohiyo. Tiziano alijaribu, mabega yakagoma, na tumbo likafuatia.

"Ondoka," alisema Delfina. "Tangu niolewe humo naingia mimi."

Alitanguliza mkono mmoja na kichwa, akapinda bega, akajivuta. Kifundo kilimuuma mpaka akauma mdomo. Tiziano akampitishia taa na brashi. Ndani mbao zilikuwa nyeusi zinang'aa, na chini mashapo mazito ya zambarau. Delfina aliweka goti na goti likakutana na kitu kigumu.

Aliingiza mkono kwenye mashapo akatoa jiwe.

Lilikuwa jiwe la mtoni, la mviringo, saizi ya yai la bata, laini, safi chini ya zile takataka. Akatoa la pili. Akatoa la tatu. Akasogeza taa. Yalikuwa mengi, yamelala kwenye bonde la pipa kutoka mwisho hadi mwisho, ndoo nzima ya mawe, lita kumi za mawe.

Kila mtu wa umri wa Secondino aliijua kazi hiyo. Miaka ile ya dhiki, mwenye shamba alipochukua sehemu yake na pakakosekana tone la kujazia, walikwenda mtoni wakaokota mawe, wakayachemsha, wakayatumbukiza pipani moja moja mpaka mvinyo ukapanda wenyewe hadi mdomoni. Jiwe halina ladha wala haliharibu kitu. Mzee alikwisha kumsimulia jambo hilo Delfina, tena si mara moja, jioni hizi na zile, na yeye alikuwa akiosha vyombo akisema ndiyo Baba, ndiyo Baba, na maneno yakiingia sikio hili na kutokea lile.

"Shangazi?" Tiziano aliita nje. "Kuna nini? Mbona kimya?"

Delfina alikuwa ameketi kwenye mashapo, sketi imelowa, mawe mapajani.

"Ulikuwa safi," alisema.

"Nini?"

"Mvinyo, Tiziano. Ulikuwa safi."

Tiziano aliingiza kichwa kwenye kijilango, akaona mawe, na akaelewa. Hakusema "nilikwambia," jambo ambalo Delfina hakulisahau maisha yake yote. Alisema, "Toka huko, Shangazi, utashikwa na baridi," akamvuta kwa kwapa zote mbili.

Aliyaosha mawe kwenye bomba la uani, akabeba machache kwenye aproni hadi jikoni. Secondino alikuwa mezani na mkate wake. Delfina akayamwaga mbele yake, yakaviringika kati ya sahani.

Uso wa mzee ulifunguka.

"Ahaa! Haya ya kijito cha chini, pale pa kufulia. Nimeyachemsha mara tatu. Umeyatoa mapema kwani? Mvinyo umekwisha kutoka?"

"Umetoka leo, Baba."

"Ijumaa nne, mawe ishirini kila moja. Ijumaa nyingine, ishirini na tano. Mazito, lakini nilikwenda na kikapu kidogo." Akainama, akapunguza sauti. "Usimwambie Delfina. Hataki nipande ngazi."

Delfina alishika ukingo wa meza. "Na barbera, Baba? Ule mtungi wa barbera ulikwenda wapi?"

"Barbera waliinywa wapogoaji. Watu wanane, siku mbili, wanafanya kazi ya bure kwenye baridi ile. Ulitaka niwape maji?"

Delfina akavuta kiti akaketi.

"Baba, nilikutukana. Nilisema maneno mabaya kabisa. Nisamehe."

"Wewe?" Secondino alimtazama kwa wema, kama unavyomtazama mgeni anayekusifu kwa jambo usilolifanya. "Nikusamehe nini, mwanangu? Hujanifanyia kitu."

Hakuigiza. Kilikuwa kimemtoka kichwani chote, kisu na kitunguu na maneno, na sasa Delfina alibaki nacho peke yake.

Tiziano akaingia na chupa aliyoijaza kwenye bomba la tangi, isiyo na lebo, akamimina bilauri tatu bila kuulizwa. Mzee alinusa. Akaonja. Akafumba macho, akauzungusha mdomoni na meno yake machache, akameza.

"Huu wa Ivaldo," alisema.

"Umejuaje, Babu?" Tiziano aliuliza.

"Nimejuaje! Mtoto huyu. Haukuguswa na kitu. Amevitupa vichala chini, mpumbavu yule, na sasa tazama." Machozi yalimtoka yakashuka bila yeye kuyafuta. Kisha akaichukua chupa akaigeuza, upande huu, upande ule, akitafuta. "Mbona haina jina?"

Akaisukuma chupa mbele ya Delfina.

"Delfina, andika jina. Mtu atajuaje ni wa nani?"

"Haiwezekani, Baba. Wamekataza."

"Nani amekataza?"

Delfina aliyakusanya mawe yaliyokuwa karibu na mkono wake, akayapanga ukingoni mwa meza, moja baada ya jingine.

"Mimi," alisema. "Nilitia sahihi mwenyewe."

Mzee alifikiri kidogo, akamsogezea mkate.

"Basi kula," alisema. "Umechoka. Kesho Ijumaa, nitalijaza mimi."